Taa ya Kuzimia

Kwetu Rau taa huwashwa ili kitu kionekane:
nyoka mlangoni, mgeni, ndizi kama zimeiva jikoni.
Kazini kwangu, chini ya ngazi, mlango wa tatu,
nawasha taa ili kitu kinyamaze.

Panya ni wa kumi na saba. Hana jina; tumekatazwa.
Kimoyomoyo namwita Shemeji,
kwa jinsi anavyokula bila kuuliza nani kapika.
Kichwani ana uzi wa kioo, mwembamba kama wa kushonea shati,
na ndani, kwenye seli tulizozichagua,
kuna protini isiyo yake,
iliyobebwa na kirusi tulichoking'oa meno.
Asili yake ni kijidudu cha maji ya magadi,
ukoo wa wale wanaoyapaka maziwa rangi ya waridi
huko bondeni, ambako hata inzi hujuta kutua.

Mama akinisikia nataja magadi, anadhani naongelea maharage.
"Kidogo tu," husema, "ukizidisha, chungu chote kinakuwa sabuni."
Daktari Ndelilio husema hivyo hivyo kuhusu mwanga:
kidogo tu, usije ukachoma unachokituliza.

Mwanga wa njano ukiigusa, ile protini inageuka pampu:
kloridi ndani, kloridi ndani,
nusu ya chumvi ya mezani ikimiminika
mpaka seli iliyokuwa inafoka inakosa la kusema.
Haifi. Siku ya kwanza niliuliza kama mtoto:
haifi? Haifi. Zima taa, uone.
Nikazima. Ikasema.

Jumanne, saa tano, kifafa kikampanda Shemeji.
Kwenye skrini mistari ilisimama kama manyoya ya paka,
sharubu zikatetemeka, mguu wa nyuma ukapiga hewa.
Kompyuta ikanusa, ikawasha yenyewe.
Njano.
Mistari ikalala.
Akakaa, akanawa uso kwa mikono miwili
kama mtu aliyechelewa ibada ya kwanza.

Nilitoka nje nikalilia kwenye bomba la bustani.
Mlima haukutoka siku hiyo. Sikuuhitaji.

Jioni nikamweleza kaka yangu Ndekirwa.
Alisikiliza akisugua kovu la mkono wa kushoto,
pale alipoangukia mafiga akiwa darasa la sita.
"Kwa hiyo mnitoboe kichwa, mniwekee balbu?"
"Bado. Ni panya tu. Labda miaka mingi. Labda kamwe."
"Na umeme ukikatika?"
Umeme wa Rau hukatika bila hodi. Nikanyamaza.
"Na mtajuaje kwamba mnachozima ni kifafa, si mimi?"

Swali hilo nimeliandika kwenye daftari la kazi,
ukurasa wa panya wa kumi na saba.
Daktari amelipigia mstari. Hajasema kitu.

Jumapili, kati ya chai na ibada ya pili, kikaja.
Nilijua kabla kikombe hakijaanguka: jicho lake lilienda mahali.
Nikamlaza ubavu, kanga ya mama chini ya kichwa,
nikasogeza stuli, nikaanza kuhesabu kama tulivyofundishwa,
na mahali fulani kati ya arobaini na hamsini
mkono wangu, huu wenye stashahada,
ukawasha tochi ya simu, ukammulika kichogoni.

Nyeupe, si njano. Juu ya nywele, ngozi, mfupa.
Humo hakuna seli inayoufahamu mwanga huo.
Nilijua. Nikaishikilia.

Dakika mbili na sekunde kumi.
Kisha pumzi ndefu, mate, jina langu limepinda,
na baadaye sana, macho yakiwa bado yamefumbwa:
"Nani kaniwashia taa?"
"Mimi."
"Zima basi. Unamaliza chaji."